Jina Chini ya Nta

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Siyu, zama zile ulipokuwa mji wa wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi, aliishi mja mwema aliyeitwa Lali bin Maawia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majalada ya misahafu. Huilainisha ngozi, huichora nakshi kwa wino, kisha huipaka nta ili nakshi isiondoke kwa jasho la mikono wala unyevu wa hewa.

Fundi mwenzake, Shekuwe bin Athmani, alimhusudu. Siku moja akawaambia watu kwamba Lali hutumia ngozi ya nguruwe mwitu. Yalikuwa maneno ya uongo, lakini yaliaminiwa, na kwa miaka tisa Lali hakuletewa msahafu hata mmoja. Akawa anashona viatu na mikanda. Mkewe alipomuuliza mbona hajitetei, alisema, "Niliapa mbele ya watu mara moja, hawakunisadiki. Sitaapa tena. Mola wangu anajua."

Kisha Shekuwe akapatwa na maradhi, akafariki. Eda ilipokwisha, mjane wake, Mwana Jaha, alifika kwa Lali amebeba kitu kilichoviringishwa kitambaani.

"Ndugu yangu Lali," akasema, "hili ni jalada la msahafu wa msikiti wa Ijumaa. Marehemu alimaliza kulichora, maradhi yakamzuia kulipaka nta. Nayajua yaliyopita baina yenu, na ukikataa sitakulaumu. Lakini hapa mjini sina mwingine wa kumwamini kwa kazi hii."

Lali akanyoosha mikono akalipokea. "Liache, dada yangu," akasema.

Baada ya sala ya alasiri alikaa peke yake akalifungua. Nakshi ilikuwa nzuri, hakuweza kuikana. Kwenye pembe ya ndani paliandikwa: Kazi ya Shekuwe bin Athmani.

Wino ule wa masizi na ulimbo, kabla haujapakwa nta, hufutika kwa kidole kilicholowa. Lali alilijua hilo, na alijua pia kwamba mjane asingemshuku mtu. Angedhani ni unyevu wa miezi ile minne ya eda. Akachovya kidole kwenye bakuli la maji. Akakipeleka hadi juu ya jina. Nafsi ikamwambia, "Naye si alilifuta lako?"

Hapo akaona haya mbele ya Mola wake. Akakifuta kidole kwa kanzu, akaenda kutia udhu, akasali rakaa mbili, akamwombea Shekuwe maghufira kwa jina lake na la babake. Miaka tisa ulimi wake haukuwahi kuliweza hilo.

Ndipo akayeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya ufuta, akaiacha ipoe kidogo, maana nta ya moto hutawanya wino. Akaanzia pale penye jina, akigusagusa kwa kitambaa laini bila kusugua, tabaka nyembamba juu ya tabaka, muda wa siku tatu. Hapakuwa na herufi hata moja iliyoharibika.

Mwana Jaha alipokuja akalifunua jalada, akaliona jina la mumewe, akalia.

"Marehemu aliniusia," akasema. "Nikitoka eda nimwendee imamu, watu watangaziwe kwamba alikuzulia, na kwamba ngozi zako zote zilikuwa tohara."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Nilichelea usije ukaifanya kazi hii kwa ajili ya hilo. Nami ningekwenda kwa imamu hata kama ungenikatalia."

Lali aliinamisha kichwa. "Nenda basi, kwani wasia hauvunjwi. Ila mwombe imamu asimtaje. Amekwisha kufika kwa Mola wake na toba yake. Tusimfedheheshe huku nyuma."

Ijumaa ile imamu alisimama akasema imemthibitikia kuwa Lali bin Maawia hakutumia kamwe ngozi iliyo najisi, na kwamba aliyemsingizia ametubu, wala hatatajwa. Watu wakatazama chini, kwa kuwa wengi wao ndio walioipeleka habari ile nyumba hadi nyumba.

Ndugu zangu, kusamehe mbele za watu huleta sifa, na sifa ni tamu. Lali alisamehe bila shahidi, na kisasi kikiwa kwenye ncha ya kidole chake, wala hakujua kwamba haki yake ilikuwa njiani. Tumwombe Mola atupe moyo kama huo kabla hatujaitwa mbele yake.