Pazia la Sipora Mbele ya Sanduku Takatifu

Kulikuwa na wakati, wajukuu zangu, ambapo sanduku takatifu la Wayahudi halikuwa na milango wala pazia. Lilikuwa kasha tu la mbao, ndani yake limelazwa gombo la Torati, maneno ya Mungu yaliyoandikwa kwa mkono. Watu walikuwa wametawanyika mbali na Yerusalemu, nyumba ya sala hawana, basi kasha likilala kwa watu.

Katika mji mmoja lilikaa kwa mjane aitwaye Sipora. Mume kafa, mabinti wameolewa nchi za mbali, nyumba kubwa, sauti hakuna. Sabato wanaume walikuja, wakasoma, wakaenda zao. Siku nyingine zote alibaki na kasha. Alilipangusa vumbi, akaliamkia asubuhi, akalisimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyomaliza mboga zake.

Majirani walimcheka. "Sipora kapata mume wa mbao."

"Huyu angalau hakoromi," aliwajibu.

Kisha watu wakajenga nyumba ya sala. Wakachonga sanduku zuri lenye milango, wakalipachika katika ukuta unaoelekea Yerusalemu. Ijumaa moja mchana mzee wao, Elkana, akaja na wenzake.

"Mama Sipora, tumekuja kulichukua gombo. Sasa lina kwake."

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika, mama."

Bibi aliyenilea akifika hapa hushusha sauti. Walilibeba, asema, huku wakizungumza habari za paa linalovuja. Hakuna aliyelisindikiza ila Sipora, peke yake nyuma. Walipokwisha kuliingiza sandukuni, wakaketi kufuta jasho, milango ingali wazi. Sipora akabaki wima.

"Kaa, mama," Elkana akamwambia.

"Mgeni wangu wa miaka yote anaingia ugenini, nami nikae? Nanyi mmejikalia kama mnaomngoja kinyozi."

Wakatazamana. Mmoja akainuka, na mwingine, hata wote wakasimama.

Milango ikafungwa. Wote ila Elkana wakashika njia kwenda kuandaa Sabato. Sipora akauliza, "Huyu anabaki na nani?" Akaenda kwake, akatoa gauni lake la harusi, hariri tupu, ambalo hakubakiwa na binti wa kumpa. Akalifumua mishono, akarudi, akalitundika mbele ya milango.

"La nini hilo?" Elkana akauliza.

"Asituone tukiondoka."

Mzee akainamisha kichwa. Akataka kumsindikiza, naye akasema, "Niache, baba, njia naijua." Akafika nyumbani, akawasha mishumaa ya Sabato, akatoa salamu kuelekea pale gombo lilipokuwa. Akangoja kidogo, kwa mazoea, kisha akala.

Na tangu siku hiyo, sanduku takatifu likifunguliwa watu husimama. Gombo likirudishwa hulifuata hatua chache, kama mgeni anavyosindikizwa. Pazia huvutwa mbele ya milango, nao hutoka polepole, bila kelele, kama watu wanaomwacha mtu amelala.