Jembe la Punda Lenye Udongo Mbichi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakiajiriana kama sisi, Kiboko alikuwa na shamba kubwa la karanga kando ya mto. Vibarua wake walikuwa tisa, na kila mmoja alipewa kibanda humo humo shambani. Ukifukuzwa kazi, kibanda unakiacha siku hiyo hiyo.

Kiboko hakuwahi kuwaona wakilima. Angewaonaje? Jua likimpiga, ngozi humpasuka. Mchana kutwa yumo mtoni, chubwi! Jioni ndipo hutoka kwenda barazani kwake, ambako vibarua wameegemeza majembe yao ukutani. Jembe lenye udongo mbichi, mwenyewe kalima. Jembe kavu, hakulima.

"Kiumbe hudanganya," alipenda kusema, "jembe halidanganyi."

Basi Shangazi Punda, aliyelima shamba lile tangu likiwa pori, akashikwa na kifua. Kho! Kho! Kho! Mwanzo alidhani ni mafua. Mwezi ulipoisha hakuweza hata kusimama.

Kiboko akaliona jembe kavu. "Nampa siku kumi," akatangaza. "Zikiisha na jembe hili bado kavu, Punda ahame."

Masika yalikuwa mlangoni. Mgonjwa wa kifua akilala mvuani haamki, na Punda alilijua hilo. Akamwita jirani yake Kindi, ambaye kazi yake ilikuwa kudondosha mbegu. Ndiyo, kindi kukabidhiwa karanga! Chekeni, kisha nisikilizeni.

"Mwanangu, nisaidie kufunga mizigo."

"Mizigo ya kwenda wapi, shangazi?"

"Sijui."

Kindi akalia, naye hakuwa mtu wa kulia hovyo. "Lala, shangazi. Usifunge kitu."

Asubuhi akaliburuta jembe la Punda, mpini umemzidi urefu, mpaka kwa Nungunungu. "Lima tuta moja kwa hili, kisha mpe Ngiri." Ngiri akalima, akampa mwingine. Likazunguka kwa walimaji wote, na jioni likarudi ukutani.

Kiboko akaligusa. "Ahaa! Kumbe kapona?"

"Jembe linasemaje, bwana?" Kindi akauliza.

"Linasema kalima."

"Basi mimi ni nani nilibishie jembe?"

Ikawa hivyo kila siku. Lakini siku moja wingu zito likafunika jua, na Kiboko akaja mwenyewe shambani, ti! ti! ti! Akamkuta Nungunungu ameshika jembe la Punda.

"Lo! Punda yuko wapi?"

"Kibandani. Bado mgonjwa," akajibu Kindi.

"Mmenidanganya!"

"Tumekudanganya, bwana. Lakini yatazame matuta yake. Kuna lililobaki?"

Kiboko akatazama. Halikubaki hata moja. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilitisha kuliko hasira. "Kumbe wanane mnatosha! Punda wa nini tena? Ahame leo."

Hilo Kindi hakulitarajia, nawaambia kweli. Akasema:

"Tulilima sehemu yake ili abaki. Akiondoka, sisi tutalima vipi kwa moyo? Nungunungu anaumwa goti. Ngiri ana mimba. Kila mmoja atakuwa anahesabu zake siku kumi. Mimi sitazingoja."

Akaweka chini kikapu chake cha mbegu. Nungunungu akatupa jembe, puu! Ngiri akatupa lake, puu! Wakatupa wote, na nusu ya shamba ilikuwa haijapandwa.

Kiboko akatazama wingu. Tone moja likamdondokea puani.

"Okoteni majembe," akasema kwa sauti ya chini. "Punda abaki mpaka apone."

"Na asipopona?" Kindi akauliza.

Kiboko akayatazama majembe, bado yamelala chini. Mvua ikaanza kumwagika.

"Abaki."

Sitawaficha, watoto wangu: kifua kile hakikumwacha Punda, na jembe hakulishika tena. Lakini masika yote aliyasikia akiwa ndani, mkavu, na majirani wakimpikia uji kwa zamu.

Nami neno langu ni hili: amtupaye mgonjwa huwafunza wazima kumkimbia.