Kocha Mwanahawa Amlilia Mbwilo

Kila mchezaji wa kikapu aliyemaliza mkataba, tajiri Kivuyo, mmiliki wa timu pinzani, alimnyakua kabla kocha Mwanahawa hajamfikia. Msimu huu Mwanahawa alimwendea ofisini, machozi yakimlengalenga.

"Bosi, wachukue wote, ila niachie Mbwilo na mdogo wake. Bila wao timu yangu imekwisha."

"Pole sana, mama," alisema Kivuyo kwa huruma ya fisi.

Jioni ile wakongwe hao wawili wakasaini kwake, wakipanda ngazi huku wameshika magoti. Kikosi kikazidi idadi inayoruhusiwa, naye Kivuyo akawaacha vijana wawili waliokuwa wakisugua benchi. Mwanahawa akawasainisha pale pale mlangoni.

"Siku hizi unaokota makombo?" Kivuyo alicheka.

"Ndiyo, bosi. Nimewataka tangu mwaka jana. Nilichokosa ni mtu mkarimu wa kuwafukuza."