Ngiri Aliyekalia Mkia Wake

Zama zile wanyama walikuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, ulipita mwaka ambao mvua haikuja kabisa. Mto uligeuka kuwa njia ya mchanga. Viboko waliondoka kwa miguu, na ukimwona kiboko anatembea mchana kwa hiari yake, jua mambo yameharibika. Maji yaliyobaki yalikuwa ng'ambo ya vilima, kwenye kinamasi ambacho Tembo peke yake ndiye aliyekijua. Visima vya njiani vilikuwa vidogo mno. Wanyama wote wakienda kwa pamoja, wa nyuma wangelamba tope.

Ikakatwa shauri. Kila ukoo utoe mmoja aende kwa Mwalimu Tembo akasome njia, na mwisho kuwe na mtihani. Atakayefaulu atawaongoza ndugu zake. Atakayefeli, ukoo wake utafuata nyuma ya ukoo utakaowahurumia, na kila penye kisima watakunywa mwisho. Simba akatangaza kwamba mpaka mvua irudi hakuna kumla mwenzio, na akalisema hilo kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi kubwa.

Ukoo wa ngiri ukamtoa binti mmoja, ambaye tutamwita Ngiri tu. Hakuchaguliwa kwa akili zake. Ndugu zake wengine walikuwa ama wazee ama wachanga, na yeye alikuwa katikati. Alikuwa na moyo mzuri na kichwa kinachovuja. Akishtuka, mkia wake unasimama wima, na mkia ukisimama miguu inaondoka. Akifika mbali anasimama, anatazama huku na huku, hakumbuki alikuwa anakimbia nini, basi anapiga magoti anakula majani.

Siku ya kwanza darasani Mwalimu Tembo alitamka neno "mtihani". Mkia ukasimama. Siku hiyo Ngiri alikula majani mazuri sana upande wa pili wa bonde.

Ikawa ndiyo desturi yake. Katika kukariri njia, wenzake walipofika kwenye kichuguu chenye vichwa viwili, yeye alikuwa bado kwenye mawe matatu yaliyoegemeana, yaani pale pale pa kuanzia safari. Alianza kukosa usingizi. Kila akifumba macho akariri, alimwona mama yake na midomo iliyopasuka kwa kiu, akiwapa wadogo zake umande wa kulamba. Kumwambia Mwalimu kwamba haelewi aliona aibu, kwa sababu Mwalimu angemuuliza tangu lini.

"Masomo yanaendaje, mwanangu?" mama yake alimuuliza.

"Yanaenda, mama."

Na hakusema uongo. Masomo yalikuwa yanaenda kweli, yeye ndiye aliyebaki. Kwa kifupi maji yalikuwa yamemfika shingoni, maana mahali pengine popote hayakuwepo.

Katika darasa lile alikuwemo Sungura, aliyelala usingizi macho wazi tangu somo la kwanza. Kujifunza alikuona ni kazi ya wasio na akili. Lakini alipoamka kidogo na kutazama, aliona darasa zima limejaa hofu, na Sungura akiona hofu masikio humsimama kama ya mtu aliyesikia harufu ya karanga.

"Dada yangu Ngiri," akamwita kando, "mbona umekonda hivyo? Ni kichwa?"

"Hakikai na kitu, ndugu yangu."

"Ndiyo. Ukame umeingia mpaka ndani." Akafunua jani, ndani yake mkiwa na kifungu cha vipande vya gome vilivyofungwa kwa kamba. "Tafuna kimoja kwa kila somo, kichwa kitakaza. Tikiti pori moja tu."

Nyumbani kulikuwa kumebaki tikiti pori moja, nalo mama yake alikuwa akililaza kivulini na kulifunika kama mtoto. Alikwenda akalichukua. Njia nzima aliona vibaya, na aliiona njia hiyo kuwa ndefu kuliko zote.

Ngiri hakujua, na wewe usimwambie bado, kwamba vipande vile vilikuwa vimebanduliwa asubuhi ile kwenye gogo ambalo Sungura huegemea akipumzika. Sungura naye alijua kwamba dawa isiyofanya kazi inahitaji mtu wa kulaumiwa. Kwa hiyo akaipa dawa yake masharti, akachagua mambo ambayo hajawahi kumwona mnyama yeyote akiyafanya.

"Sikiliza, na ukivunja hata moja usije kwangu kulalamika. Ukishatafuna, somo hilo umsimulie mtu ambaye hajasoma, mpaka mwenyewe aseme ameelewa. Akikuuliza usilolijua, umuulize Mwalimu siku hiyo hiyo. Giza likiingia ulale, hakuna kukariri gizani." Akautazama mkia wa Ngiri, akashindwa kujizuia. "Na huo, ukisimama, ukalie."

"Niukalie mkia?"

"Mpaka utulie wenyewe."

Fisi pia alinunua. Alikimeza kifungu chote pamoja na kamba na jani.

"Na masharti?" Sungura akamuuliza.

"Nimeyasikia," Fisi akasema, akitazama kama kuna kifungu kingine.

Simba hakununua. Alimtuma mbweha amnunulie, kisha akasema ni za mgonjwa fulani nyumbani.

Nyumbani kwa kina Ngiri, asiyesoma na mwenye nafasi ya kusikiliza alikuwa mmoja tu, bibi yake, mama wa mama, kikongwe mwenye sikio moja linalosikia na ulimi usiokubali jambo.

"Bibi, ukifika kwenye mawe matatu yaliyoegemeana, unashika kushoto."

"Kwa nini si kulia?"

"Mwalimu amesema kushoto."

"Mwalimu hayupo hapa. Kulia kuna nini?"

Ngiri hakujua. Mkia ukasimama, miguu ikaanza kutafuta njia. Akakumbuka sharti, akaukalia. Si jambo la raha kukalia mkia wako mwenyewe. Alikaa, akang'ata meno, na baada ya muda akagundua kwamba bado yuko pale pale na bado anakumbuka swali. Hilo halikuwa limewahi kumtokea.

Akaenda kwa Mwalimu. "Shikamoo, Mwalimu. Kwenye yale mawe, kulia kuna nini?"

Tangu Tembo alipoanza kufundisha, hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote. "Marahaba. Kulia kuna korongo lisilo na mwisho. Nani amekutuma?"

"Bibi yangu."

"Mwambie aendelee."

Bibi hakuhitaji kuambiwa. Masimulizi yalipofika kwenye bwawa la maji ya chumvi, ambalo mnyama akinywa kiu humzidi na hafiki mbali, Bibi alisema, "Mimi nikiwa na kiu nitakunywa."

"Huruhusiwi, Bibi. Yana chumvi."

"Nani atanizuia?"

Ngiri akarudi kwa Mwalimu. Keshoye akarudi tena, kwa sababu Bibi alitaka kujua watalala wapi, na keshokutwa kwa sababu Bibi alikuwa amesahau yote na akataka aanzishiwe mwanzo. Kila jua lilipozama Ngiri alilala, akiogopa kuharibu dawa, na kwa mara ya kwanza tangu shule ianze akalala kweli. Siku moja darasani Mwalimu aliuliza swali, darasa zima likatazama chini, ikasikika sauti ikijibu. Ngiri mwenyewe aligeuka kutazama ni nani aliyejibu.

Sungura alicheka. Kisha akaacha kucheka. Alirudi kwenye gogo lake, akaliegemea, akawaza. Halafu akaondoa mgongo taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba ameegemea mkwe wake.

Ngiri, yule wa kichwa kinachovuja, sasa anajibu. Ametumia nini? Gome la gogo hili. Sungura alilizunguka, akalinusa. Yeye hakuwa amesikiliza hata somo moja, na mtihani ulikuwa kesho. Jioni ile alikaa akalitafuna gogo lote, gome na kiini, mpaka taya zikamuuma. Masharti hakuyafuata. Masharti aliyatunga mwenyewe, alijua ni uongo. Dawa ndiyo ilikuwa ya kweli.

Asubuhi koo zote zilikusanyika kutazama. Ngiri alikuwa ameweka kipande cha mwisho cha gome chini ya jiwe, akitafune wakati wa mtihani. Alipoinua jiwe hakukuta kitu. Fisi alikuwa amesimama karibu, tumbo limevimba kama ngoma, anajilamba midomo.

"Kilikuwa chako?" Fisi akasema. "Nilidhani ni cha mtu mwingine."

Mkia wa Ngiri ukasimama. Mbele yake uwanda ulikuwa mpana na hauna mtu, na angeweza kuukata wote bila kugeuka. Upande wa pili alikuwa mama yake, ambaye hakumuuliza hata mara moja tikiti limekwenda wapi. Ngiri akaukalia mkia.

Fisi aliitwa wa kwanza. Akaulizwa ishara ya kwanza ya njia. Alifungua mdomo kujibu, lakini dawa yote ile, pamoja na kamba, ikachagua kutokea mlango mwingine, na Fisi akaondoka mbio kuelekea vichakani bila kuaga.

Simba akaulizwa nini kinafuata baada ya kichuguu. Hakujua, na simba hasemi hajui. Akanguruma mpaka majani makavu yakaanguka.

"Umenguruma vizuri," Mwalimu Tembo akasema. "Swali bado liko pale pale."

Akaja Sungura, kifua mbele, vibanzi vya mti vimemkwama menoni.

"Safari inaanzia wapi?" Mwalimu akamuuliza. Lilikuwa swali jepesi kuliko yote, alilomwekea kwa huruma.

Sungura akafungua mdomo, akaisubiri dawa iseme. Dawa haikusema. "Inakuja," akaeleza. "Ni nzito kidogo."

Wakangoja. Nzi mmoja akapita.

"Nini kinakuja?" Mwalimu akauliza.

"Dawa, Mwalimu. Nimelitafuna gogo zima." Hapo hasira zikampanda, akasahau waliokuwa wanasikiliza. "Kumbe ni gogo tu. Gogo langu la kuegemea, nimewauzia hawa wote, halina lolote ndani yake."

Kila aliyetoa tikiti akageuza shingo, na Sungura akaanza kusinyaa pale aliposimama.

Ngiri alisikia neno moja tu, gogo. Kwanza alikasirika, akalikumbuka tikiti la mama yake. Halafu akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Kama dawa ilikuwa gogo, basi kichwani mwake hamna kitu, ni kile kile cha siku zote.

"Ngiri," Mwalimu akaita. "Umefika kwenye bwawa la chumvi. Wazee wana kiu na hawataki kukusikia. Utafanyaje?"

Alitafuta neno kichwani, hakulipata. Mkia ulikuwa unamsukuma kutoka chini. Akafumba macho, na badala ya somo akamsikia Bibi akisema, "Nani atanizuia?" Karibu acheke.

"Sitawaambia kwamba kuna maji," akasema. "Nitawapitisha upande ambao upepo unatoka kwetu kwenda bwawani, wasiyanuse. Wakijua, bibi yangu atakunywa, kwa hiyo hawatajua."

"Nimesikia," Bibi akasema kutoka kwenye kundi, kwa sauti kali. "Na kulia kuna nini?"

"Kuna korongo, Bibi."

"Mwachie Mwalimu aulize," watu wakamwambia Bibi. Lakini Mwalimu alimwacha Bibi aendelee. Bibi akauliza njia nzima, kituo kwa kituo, kwa ubishi ule ule wa nyumbani, na Ngiri akamjibu mpaka wakafika kinamasini.

"Amefaulu," Mwalimu Tembo akasema. Mama yake Ngiri akalia, ingawa ukame ulikuwa umemwachia machozi machache. Jioni ile Ngiri alimweleza habari ya tikiti. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia wakifika huko yeye mama atatafuta jingine, na atalila peke yake.

Siku ya kuondoka, ukoo wa ngiri ulikuwa na wafuasi, wale uliowahurumia. Fisi alikuja, akisimama kila penye kichaka. Simba alikuja na jamaa zake akasema yeye hafuati mtu, anawalinda kutokea nyuma. Sungura alikuja wa mwisho, masikio yamelala.

"Dada yangu," akasema kwa upole, "si lazima nitembee huko kwenye vumbi. Nieleze njia kwa kifupi tu, nitangulie."

"Nitakueleza," Ngiri akajibu. "Lakini kuna masharti. Utatembea na Bibi, umsimulie kila tunapofika, mpaka aseme ameelewa. Akikuuliza usilolijua, uje uniulize mimi. Mimi nitakuwa mbele kabisa."

Akageuka kuikabili njia. Mkia ukasimama wima, lakini safari hii hakuukalia. Wadogo zake waliuona juu ya majani makavu, wakaufuata. Mama akawafuata wadogo hao, na nyuma yao wengine wote, mpaka Simba, ambaye aliukazia macho mkia ule kwa makini ya mlinzi.

Walipofika kwenye mawe matatu, Sungura akamwambia Bibi, "Hapa tunashika kushoto."

"Kwa nini si kulia?" Bibi akauliza.

Sungura hakujua. Akatazama mbele, kule mkia ulikokuwa mdogo kabisa kwenye vumbi, akaanza kukimbia. Alikwenda akauliza, akarudi akajibu, na Bibi akawa na swali lingine. Alikimbia hivyo mpaka kinamasini.