Jogoo wa Ushahidi

Jogoo aliwika usiku wa manane humo humo mahabusu, nami nikamkumbatia mwanangu kwa hofu, maana jogoo huyo, ambaye tajiri wangu alidai nimemwiba, Sajini Mkwizu alikuwa amemla jioni ile tukimwona. Kabla ya hapo alilishwa mtama kila asubuhi kwa kuwa ni kidhibiti cha kesi yangu, na sisi tukilala sakafuni na njaa, mahakamani hatupelekwi.

Sajini akaja na tochi. "Nani anawika?"

"Kidhibiti, afande," alisema Bi Siwema, mahabusu mwenzangu. "Anamtaka hakimu."

"Humu hamna jogoo."

"Basi yuko wapi, afande?"

Sajini alipogeuza mgongo tu, jogoo akawika tena. Sajini akashika tumbo.

"Bibi, atanyamaza lini?"

"Kesi yake ikifutwa. Mwachie huyu mama na mtoto wake, uone."

Kabla ya alfajiri nikafunguliwa mlango. Nikamwona Bi Siwema akiitua ndoo aliyokuwa akiwikia ndani yake.

"Nenda, mwanangu," alinong'ona. "Mimi nilishtakiwa kwa bata, Sajini akamla pia. Kesho ni zamu ya bata kulia."

Nikamwapia kwamba sitamwambia mtu mpaka bata alie.