Kamba Tatu, Ng'ombe Mmoja

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwao. Leo nataka majibu, sitaki miayo.

Mji wa Mazugwa haukuwa na zahanati ya serikali hata moja. Tiba iliuzwa kama nyanya: kila mtu na meza yake, kila mtu na bei yake. Bibi Zamoyoni alikuwa na hadubini, na jicho lake halikukosea. Sekiete alikuwa na pikipiki, na hakuna tope lililomshinda. Malugu alikuwa na duka la dawa ng'ambo ya mto, na dawa ya kweli. Hawakuwa watu wabaya, msinielewe vibaya. Walikuwa wafanyabiashara.

Basi Kalunde, mtoto wa miaka sita, akashikwa na homa hadi akawa hamtambui mama yake. Mama huyo, Nasemba, alikuwa mjane, na mali yake ilikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa. Na kwao Mazugwa, mkipatana bei ya ng'ombe, mnunuzi humpa muuzaji kamba. Ukiipokea, umeshauza; akiichukua tena, ameghairi.

Bibi Zamoyoni akaichungulia damu. "Ni malaria, tena imepanda kichwani. Wengine wangemtibu homa ya matumbo, mkamzika."

"Ng'ombe wangu ni wako," Nasemba akasema. Akapokea kamba.

Mto ulikuwa umefurika, waendesha pikipiki wengine wote wamekataa. Sekiete akautazama, akavua viatu. "Panda, mama. Ila nikifa, utawalea wanangu."

"Ng'ombe wangu ni wako." Akapokea kamba.

Malugu alikuwa amebakiwa na sindano za mgonjwa mmoja tu, na tajiri fulani ameziulizia. Akamtazama Nasemba, akafunga duka. Wakapanda mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja, Malugu akaenda mwenyewe kumchoma mtoto sindano.

"Ng'ombe wangu ni wako." Akapokea kamba.

Jamani, msimcheke! Mama ambaye mtoto wake anakata roho hahesabu ng'ombe.

Siku ya tatu baada ya sindano homa ikashuka, na asubuhi hiyo wote wakakutana zizini.

"Kamba yangu ndiyo ya kwanza," akasema Bibi Zamoyoni. "Bila mimi mngeleta dawa ya nini?"

"Na bila mimi, bibi, ugonjwa ungebaki na jina tu," akasema Sekiete.

"Na bila sindano zangu," akasema Malugu, "pikipiki ingebeba maiti. Soko ni soko."

Nasemba akazitoa kamba zote tatu. "Nimekosa, wakubwa zangu. Nilimtaka mwanangu tu."

Hapo sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyembamba, ya kwanza baada ya siku nne: "Mama, nina njaa. Naomba maziwa."

Hakuna aliyemvuta ng'ombe, na hakuna aliyechukua kamba yake akaondoka.

Mimi na mume wangu tumegombana siku mbili kwa jambo hili, kwa hiyo msinitazame mimi. Kamba tatu, ng'ombe mmoja, na mtoto anasubiri kikombe chake. Je, wewe ungemkabidhi nani ng'ombe yule?