Pimbi Adai Fungu la Bondeni

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakifunga milango kwa komeo na kuanika nguo uani, Ndovu alikuwa na mama mgonjwa. Miguu ya mama ilikuwa imeisha nguvu, akawa wa kitandani. Na wewe hapo nyuma, acha kucheka, sijafika penye kuchekesha.

Aliyemuuguza alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa kwenye mawe, kimo chake hakizidi cha sungura. Basi huyo ndiye aliyekuwa akimgeuza ndovu mzima ubavu huu na ubavu ule ili asitoke vidonda. Anaweka gogo, anafunga kamba, anavuta, hiii, hiii, puu! Bibi kageuka. Kisha amwogeshe, abadilishe matandiko, amlishe uji, asikilize hadithi ileile ya ujana wake kana kwamba ni mpya.

Na ujira wake? Maganda ya viazi.

"Bwana Ndovu," Pimbi alisema, "watoto wangu wanalala na njaa. Nilipe kama unavyomlipa Kima anayekulindia shamba."

"Kima anafanya kazi," alijibu Ndovu huku anatafuna muwa, krau krau. "Wewe unakaa na mzee tu. Halafu nani humlipa mwanawe? Wewe ni mtoto wa nyumbani, Pimbi."

Maneno hayo yananikera mpaka leo. Pimbi akiomba siku ya kupumzika, anaambiwa mtoto wa nyumbani hapumziki kwao. Wageni wakija, mtoto wa nyumbani anakula jikoni nyuma ya mlango, na jina lake halitajwi.

"Mwanangu ana masikio makubwa, lakini hasikii," Bibi alimwambia Pimbi siku moja. "Mimi nimemsema mpaka nimechoka. Wewe una akili, Pimbi. Itumie."

Ikafika siku ya kugawa mashamba ya marehemu baba yao. Warithi walikaa kwenye mkeka mmoja, Ndovu na mdogo wake. Nyati, jirani yao, aliitwa awe shahidi, na katika kijiji kile neno likishasemwa mbele ya shahidi ndilo hilo.

Pimbi akaingia na sinia la chai, mpole kabisa.

"Bwana Ndovu, mgeni wako mzee Nyati ameniuliza mimi ni nani hapa. Nimwambie mtumishi?"

Ndovu akashtuka. Akisema mtumishi, ataulizwa anamlipa nini.

"Mtumishi? Aibu gani hiyo," akasema, akacheka sana. "Mzee Nyati, huyu ni mtoto wetu. Mtoto wa nyumbani kabisa."

"Sijasikia vizuri," akasema Nyati.

"Ni mtoto wetu!" Ndovu akapiga mbiu ya mkonga, paaa, mpaka vikombe vikatikisika.

"Haya, nimeshuhudia."

Pimbi akatua sinia chini, akakunja miguu, akakaa kwenye mkeka katikati ya wale ndugu wawili.

"Unafanya nini hapo?" Ndovu akauliza.

"Nasubiri fungu langu, kaka."

"Fungu gani?"

"La mashamba ya baba. Mimi nalipenda lile la bondeni, lenye miwa."

Mdogo wake Ndovu akapaliwa na chai.

"Huyu si mtoto, mzee Nyati," akadakia Ndovu. "Huyu ni mfanyakazi."

"Mbona sasa hivi umenipigia kelele kwamba ni mtoto? Na kama ni mfanyakazi, unamlipa nini?"

Ndovu akajitia kukoroga chai yake.

"Maganda ya viazi," akasema Pimbi.

Nyati akakohoa na kutazama chini, maana kwake pia kulikuwa na mtoto wa nyumbani.

"Chagua, Ndovu," akasema hatimaye. "Ama mtoto mwenye fungu, ama mfanyakazi mwenye ujira."

Sauti ya Bibi ikatoka chumbani. "Mimi mama yake nasema ni mwanangu. Mpeni la bondeni!"

Ndovu akaiona miwa yake yote ikienda.

"Mfanyakazi," akasema haraka. "Ni mfanyakazi."

"Wa kazi gani?" Pimbi akauliza.

"Ya kukaa na mama."

"Sijasikia vizuri," akasema Nyati.

"Kuuguza! Ni muuguzi wa mama yangu, na kila gulio atapata debe la mahindi."

"Na siku ya kupumzika," akasema Pimbi.

"Na siku ya kupumzika."

"Na mahindi ya nyuma yote ambayo hukunilipa."

"Na ya nyuma," akasema Ndovu, kwa sauti ndogo ambayo hamjapata kuisikia kwa ndovu.

"Nimeshuhudia," akasema Nyati.

Jioni hiyo watoto wa Pimbi walikula mahindi wakabakiza, na Pimbi mwenyewe akanywa chai yake sebuleni, mbele ya mgeni.

Basi, ukimwita anayekuuguzia mama yako mtoto wa nyumbani ili usimlipe, jiandae kumgawia urithi.